Bata Usiyemtaka, Mchinje

Kuku tukimchoka tunamla. Mbuzi tukimchoka tunampeleka mnada wa Msalato, na mara nyingi tunarudi tumeshiba nyama choma ya mbuzi wa mtu mwingine. Bata peke yake ndiye ambaye mtu wa Dodoma akimchoka anamtia kwenye kiroba, anampakia kwenye buti ya gari, anaendesha hadi bwawani, anamfungulia na kusema, "Haya, maji hayo." Anarudi nyumbani ameridhika. Hakuua. Ametenda wema.

Najua kichwa cha makala hii kitawaudhi baadhi yenu, hasa ninyi mnaonitumia picha za bata wenu wenye majina. Mimi mwenyewe nafuga, na wanaonifuatilia siku nyingi wanajua nilivyo na upendeleo kwa viumbe hawa. Lakini tangu nianze kwenda Hombolo kwa ajili ya perege wa kukaanga nikaishia kutazama bata kuliko kula samaki, nimefika mahali siwezi kulisema jambo hili kwa upole. Bata wa kufugwa aliyeachwa bwawani hajapewa uhuru. Ameahirishiwa kifo tu, na kati ya vifo vyote amechaguliwa kile kibaya zaidi.

Kwanza niwaweke kando wasiohusika. Bwawa la Hombolo liko kilomita kama 40 kaskazini mashariki mwa mjini, lilijengwa miaka ya 1950, na kando yake wanaishi watu wenye bata wao. Bata hao hushuka majini asubuhi, na jua likianza kuzama wanapanda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, kurudi kwenye vibanda. Mtoto anawahesabu, mlango unafungwa, basi. Hao wana mwenyewe na sina neno nao. Aliyetupwa utamjua magharibi ikiingia. Wenzake wakiondoka yeye anabaki anazungukazunguka ukingoni, maana hana pa kwenda. Mchana hakai mbali na mama lishe. Ukimwita anakuja moja kwa moja bila woga, kwa sababu maisha yake yote binadamu ndiye aliyemletea chakula. Ukimshika, mfupa wa kidari unausikia kiganjani, hauna nyama juu yake.

Watu wengi wanadhani bata ni bata, na bata na maji ni ndugu. Hapa ndipo kosa linapoanzia. Bata tunaofuga ni wa koo mbili zilizo mbali kabisa. Mmoja ni yule mweupe mwenye mdomo wa machungwa, na jamaa zake wa rangi ya kahawia wanaotaga sana. Hao wote asili yao ni bata mwitu wa kaskazini mwa dunia, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, na Wachina walimfuga maelfu ya miaka iliyopita. Wa pili ndiye tuliyemzoea uswahilini, mwenye sura ya vinundu vyekundu, asiyelia kwaa-kwaa bali anafoka kama anapuliza moto. Huyu alitoka Amerika ya Kati na ya Kusini, ni ndege wa misitu yenye maji, ana makucha na akipenda hulala juu ya mti.

Wa kwanza hawezi kuruka. Amezalishwa kwa ajili ya nyama na mayai mpaka mwili umeshinda mabawa. Wa pili, majike huruka kidogo, kutoka ukutani hadi kwenye paa la jirani na kuleta kesi, lakini dume zito halifiki popote. Na hata anayeweza kuruka hajui pa kurukia. Hiyo ndiyo tofauti yao na wale bata wa porini wenye uso mweupe ambao wakipita usiku juu ya mji unawasikia wanapiga mluzi. Wale bwawa likipungua wanalihama, wanakwenda Mtera, wanakwenda kwenye mbuga za Bahi, wanafuata maji yalipo. Aliyetolewa Nkuhungu kwenye kiroba anabaki pale pale alipomwagwa, liwe bwawa au liwe tope.

Na hapa kwetu litakuwa tope. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 500 na kitu, 600 mwaka ukiwa mwema. Jua na upepo vinaondoa maji mengi kuliko hayo. Kwa hiyo anayemwacha bata Machi anapiga picha nzuri sana: maji yamejaa, nyasi za kijani, bata mweupe anaelea. Hayupo Oktoba. Oktoba maji yamerudi nyuma, ukingo ni matope meusi yanayonuka, samaki wamekufa kwenye vidimbwi vilivyobaki na funza wamejaa. Kwenye matope ya namna hiyo kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayekaa miaka akiwa mbegu tu, akingoja joto na kitu kilichooza kisicho na hewa. Sumu yake inaingia kwa funza, bata anakula funza. Miguu inaanza kulegea, yanafuata mabawa, na mwisho shingo. Bata anazama akiwa hai na macho yake mazima, kwa sababu tu hawezi kuinua kichwa juu ya maji. Ukimkuta mapema, ukamtoa, ukamweka kivulini na kumpa maji safi kidogo kidogo, anaweza kupona. Ukiwahi mizoga ukaizika mbali na maji, unawaokoa wengine. Nani atafanya hivyo Oktoba, na jua lile?

Sasa chakula, na hapa naomba mnivumilie maana nitakaa sana.

Wageni wa Jumapili wanawarushia mkate, maandazi, bisi, chipsi zilizobaki. Kidogo si neno. Shida ni pale hicho kinapokuwa chakula cha kila siku. Bata anahitaji vitamini B3 nyingi kuliko kuku, na kifaranga asiyeipata anapinda miguu mpaka anatembelea magoti. Mahindi yanayo vitamini hiyo, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliifikii, ndiyo maana hata binadamu anayekula mahindi matupu bila mboga wala kitoweo huugua ugonjwa wa ngozi. Kwa hiyo bata anayelishwa pumba za mahindi nyumbani, kisha anatupwa na kulishwa maandazi, ametoka kwenye upungufu mmoja kuingia mwingine. Na kifaranga anayekua haraka kwa vyakula vya wanga hupata ule ulemavu wa bawa: ncha ya bawa inageukia nje, manyoya yanasimama ubavuni, hairudi tena akishakomaa. Mikate isiyoliwa inazama, inaoza, maji yanageuka kijani, na tunarudi kwenye habari ya joto na kitu kilichooza.

Lakini linaloniumiza zaidi ni mahindi. Kuna mtu mwema, huwa nakutana naye pale pale, anakuja na mfuko wa mahindi yaliyoingia ukungu ghalani. Anasema, "Sisi hatuwezi kula haya, ila bata hawachagui." Watu wa mikoa hii hatuna sababu ya kutojua sumukuvu. Mwaka 2016 ilipiga hapa hapa katikati ya nchi, Chemba, Kondoa, Kiteto, na watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye ukungu. Tulihubiriwa kuanika, kupepeta, kuchambua. Ambalo halikusemwa sana ni kwamba katika wanyama wote tunaofuga, kifaranga cha bata ni miongoni mwa wale wanaouawa na sumu hiyo upesi kabisa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula kilichochanganywa na mashudu ya karanga zilizoota ukungu, na hapo ndipo sumukuvu ilipogunduliwa. Wanasayansi walipotaka namna ya kuipima kwenye chakula, waliwatumia vifaranga vya bata vya siku moja. Wanalishwa, ini linatazamwa. Wewe unayempelekea bata wa bwawani mahindi mabovu unarudia jaribio ambalo majibu yake yako tayari zaidi ya miaka sitini.

Kama lazima umpe kitu, mpe mchicha au majani ya sukuma wiki yaliyokatwakatwa, mchele, dagaa wachache, au mashudu ya alizeti, ambayo kwa mikoa yetu hii na Singida hayana shida kupatikana na yana ile vitamini ninayoisema. Mpe ukingoni, kavu, kiasi cha kumaliza.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sababu ya aibu, nitalisema. Mfugaji akitaka kupunguza bata anaanza na madume, kwa kuwa dume anakula na hatagi. Kwa hiyo bwawani wanafika madume wengi na majike wachache. Nyumbani tunajua dume mmoja anatosha majike wanne au watano. Ukigeuza hesabu hiyo, jike mmoja anavamiwa na madume watatu kwa zamu majini, wote wanamng'ata kisogo na kumkandamiza chini. Shingo inabaki haina manyoya, ngozi inachubuka, na wengine wanakufa maji. Bata, kufa maji. Nilipomwambia shemeji yangu alicheka, kisha akanyamaza.

Singida hali ni nyingine na ni fupi kuieleza. Ziwa Singidani liko mjini kabisa, ukimaliza kazi unatembea hadi ukingoni, na ni ziwa la magadi na chumvi. Flamingo wanalipenda kwa sababu hiyo. Bata mkubwa ana tezi juu ya macho inayoweza kutoa chumvi akizoea taratibu, lakini kifaranga hajaikuza bado; akinywa maji hayo siku nzima hana maisha. Kwa hiyo jike aliyetupwa pale akatotoa anawaongoza watoto wake kwenye kitu kinachofanana na maji. Ziwa Kindai la jirani nalo ni la chumvi. Wana Singida mnaosoma hapa, msidanganywe na ukubwa wa ziwa.

Nimejaribu kuelewa ni nani hasa anayewatupa, maana wanakijiji wa Hombolo hawatupi bata. Wanaotupa ni sisi wa mjini. Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi baada ya 2016, watu walipata viwanja Ilazo, Nzuguni, Kisasa, na kila mwenye uwanja akaona kuku na bata ni sehemu ya maisha mapya. Bata ni rahisi kuanza naye. Jike wa yule wa vinundu anaatamia siku 35, anatoka na watoto zaidi ya kumi, na kabla hawajakomaa sawasawa anarudi kutaga. Maji yanakatika, beseni linachafuliwa kila baada ya saa moja, uwanja unanuka, jirani ananung'unika, uhamisho unakuja. Wengine ni wenye bustani za sherehe. Mwaka juzi bustani moja ya maharusi, siitaji, ilifungwa, ikaacha bata weupe waliokuwa wanapigwa picha na maharusi kila Jumamosi. Wiki hiyo hiyo bata weupe walionekana bwawani, mmoja akiwa na utepe wa zambarau mguuni. Nilimpigia aliyekuwa msimamizi. Alinijibu kwa furaha kabisa kwamba "wamepelekwa kwenye mazingira yao."

Kwa nini hakuwala? Hapa tunafika kwenye kiini. Watu wengi huku hawali bata. Watasema ananuka matope, watasema anakula uchafu, watasema nyama yake ngumu. Yote yana ukweli kidogo na dawa yake ni ile ile: mfungie wiki mbili, mpe pumba safi, mboga na maji ya kisima, kisha mchinje akiwa hajazeeka, chemsha taratibu na tangawizi na ndimu. Tatizo si nyama. Ni kwamba kumchinja kunatufanya tuone tulichofanya, kumwacha bwawani kunatuwezesha tusione. Bata aliyechinjwa vizuri anakufa upesi. Bata wa bwawani anaweza kufa kwa miezi mitatu.

Mvuvi mmoja mzee wa pale Hombolo aliniweka sawa zaidi ya vitabu. Nilimkuta anatengeneza nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa!"

Nikamwuliza kuhusu bata weupe. Akanyoosha kidole kwenye tundu la nyavu, kubwa la kupitisha ngumi mbili. "Huyu ndiye aliyepitia hapa. Wanakuja na magari mazuri, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi asubuhi navuta nyavu nakuta bata kanasa, keshakufa. Nyavu imechanika. Bata si wangu. Nimdai nani?"

"Humli?"

Alinitazama kama nimetukana. "Kibudu hicho."

Nikamwuliza kama wangeletwa wazima, wakapewa watu wa kijijini, ingekuwaje. Akasema hilo ni jambo la kistaarabu, ila waje kwa mwenyekiti wa kitongoji, wasiwamwage usiku kama takataka. Kisha akaongeza, na hili sikulitarajia, kwamba mke wake alikwisha kuchukua majike wawili na mmoja anaatamia chini ya kitanda cha mjukuu.

Kuna watu walipendekeza kwenye kundi letu la wafugaji tuchange tujenge kibanda ukingoni ili waliotupwa wapate pa kulala. Nilipinga. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na hata kama isingezuia, kibanda kingekuwa tangazo: tupeni hapa. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na bata hajatengwa humo. Lakini sijawahi kuona sheria ikimshika mtu mwenye kiroba saa mbili usiku. Marekani wanayo shida hii kubwa kuliko sisi. Vifaranga vinanunuliwa kwa ajili ya watoto wakati wa Pasaka, wiki chache baadaye viko kwenye ziwa la bustani ya umma, na kuna vikundi vya kujitolea kazi yao ni kuwaopoa tu. Afrika Kusini bata wa kufugwa wenye asili ya yule mwenye kichwa cha kijani wamezaliana na bata wa porini mwenye mdomo wa njano mpaka wahifadhi wameingilia kati. Huku kwetu hatujafika huko, na njia ya kutofika ni kuwatoa.

Kuwatoa si kazi ya kukimbizana. Ukimfukuza bata majini utachoka wewe. Mzoeze chakula mahali pamoja pa nchi kavu kwa siku kadhaa, saa ile ile, kisha njooni watu watatu na wavu mrefu au mashuka, mkiwa upande wa maji, mmtenge taratibu. Usimshike miguu ukamning'iniza kama kuku wa sokoni. Miguu ya bata ni dhaifu, nyonga inateguka. Mkumbatie mwili mzima, mabawa yakiwa yamebanwa ubavuni, kichwa kikiangalia nyuma yako, na ukimshika yule wa vinundu vaa mikono mirefu maana makucha yake si mchezo. Safirisha kwenye tenga, si kiroba. Ukifika nyumbani usimchanganye na kuku wako: bata anaweza kubeba kideri au mafua ya ndege akiwa mzima wa afya, kuku wako wakaisha. Mtenge wiki tatu au nne, mwite afisa mifugo wa kata amwangalie, chanja kuku kwanza kama hujachanja. Na mpe beseni lenye kina cha kuzamisha kichwa chote. Hahitaji bwawa. Anahitaji maji ya kuosha macho na pua, na ya kulowesha manyoya ili ayapake mafuta ya tezi iliyo juu ya mkia. Bata aliyekaa muda mrefu kwenye tope hushindwa kuyatunza manyoya, analowa mpaka ngozi, na baridi ya Julai ya hapa Dodoma inammaliza usiku mmoja.

Wale wa bustani ya maharusi tuliwatoa wengi kwa njia hiyo. Majike waligawiwa upesi, akina mama wa Hombolo na wengine wa Veyula waliwagombea kwa ajili ya mayai. Madume ndio walioleta kikao. Dada mmoja kwenye kundi alitaka tuwatafutie "makazi ya kudumu." Nikamwuliza ya nani. Tuliwafungia kwangu, tukawalisha vizuri, na Pasaka wakaliwa, yeye mwenyewe akila paja na kuomba mchuzi uongezwe.

Amebaki dume mmoja, mweupe, kijana, yule wa utepe wa zambarau. Nimeshindwa kuamua kama ni huruma au uvivu. Anayemtaka awe na majike wanne kwenda juu, kibanda chenye mlango unaofungwa usiku kwa ajili ya vicheche, na beseni. Anipigie kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nina ndimu.